Ng'ombe wa Redempta Aliyefugwa Posta

Kastori wa Kibosho hakuwa mjinga, na anayebisha aje tubishane. Ni kweli kwamba kila mwaka, wiki moja kabla ya Noeli, alivaa koti lake la kanisani, akamchukua binti yake, wakateremka kwa miguu mpaka Moshi mjini, wakaingia posta, naye akaomba aonyeshwe fedha. Hakuomba apewe; aliomba aonyeshwe. Ni kweli pia kwamba makarani walimcheka mpaka wakashika mbavu. Haya, kucheka ni bure. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, halafu mcheke mkiweza.

Mtu mwenyewe alikuwa mkulima wa kawaida tu, mwenye kihamba chembamba kama mkanda wa suruali, migomba huku na kahawa kule, na nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa bati upande mmoja na nyasi upande wa pili, kwa kuwa bati zilimwishia katikati ya kazi na kahawa ya mwaka uliofuata ikaharibikia mtini. Zizini mwake alikuwamo ng'ombe mmoja mwekundu, mnene, mwenye baka jeupe usoni. Wapita njia walimsifu sana ng'ombe yule. Kastori alipokea sifa kimya kimya, maana ng'ombe hakuwa wake. Alikuwa wa Melkior mwenye duka.

Hiyo ni desturi ya mlimani tangu enzi za wamangi, machifu wetu wa zamani. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia watakwisha wote. Jirani akiwahesabu ataona kijicho. Shemeji naye akiwaona hatakosa shida ya kuja kueleza. Kwa hiyo huyu anapelekewa mmoja amfuge, na yule mmoja. Mfugaji anakata majani, anakunywa maziwa, na samadi inakwenda migombani kwake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ila baada ya ndama kadhaa mfugaji naye hupewa wake. Na mwenye ng'ombe ana haki moja ambayo hakuna wa kumnyima: kuja siku yoyote, bila taarifa, kumtazama ng'ombe wake. Anaingia zizini, anampapasa mgongo, anakagua chuchu na kwato, anaridhika, anakunywa kata moja ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anakwenda zake. Melkior alikuja hivyo mara mbili tatu kwa mwaka, na Kastori hakuona vibaya hata kidogo. Mali ya kufugiwa lazima itazamwe, alisema, la sivyo mfugaji atasahau ni ya nani.

Sasa, mwaka 1970 mama yake alifariki. Bibi Margareta, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku zake za mwisho maneno yalimwisha kabisa. Akawa ananyoosha kidole tu kuelekea zizini, pale anapolala ndama. Walipomaliza matanga, Kastori na ndugu zake wakachimba. Wakakuta kibuyu kilichozibwa mdomo kwa nta na nyuzi za mgomba. Ndani mlikuwa na noti zilizokunjwa ndogo ndogo kama dawa za mganga. Shilingi mia tatu na arobaini!

Msiniulize alizipataje. Huku kwetu kahawa ni ya mwanaume, lakini maziwa na ndizi ni vya mwanamke, naye Bibi Margareta alikuwa ameuza maziwa na ndizi miaka thelathini. Alimficha mumewe, kwa sababu marehemu yule alikuwa akisikia harufu ya shilingi kama mbwa anavyosikia harufu ya nyama, na kila aliyoipata aliigeuza mbege. Kastori alikumbuka mara ngapi mama yake alikwenda kuazima chumvi kwa jirani, na kumbe mia tatu na arobaini zilikuwa zimelala chini ya ndama.

Wakazipeleka mjini. Karani wa benki akazikunjua moja moja kwa heshima, kwa maana ziliponuka alijua zimetoka wapi, kisha akatikisa kichwa. Zilikuwa zile noti za zamani, za kabla nchi haijatengeneza fedha yake. Muda wa kuzibadilisha ulikwisha zamani.

"Lakini mama hakuambiwa," Kastori alisema.

"Redio ilitangaza, ndugu yangu. Pole sana."

Redio! Mama wa watu hakuwa na redio, alikuwa na kibuyu. Kastori akatoka barazani, akakaa chini, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Hakulilia fedha, alisema baadaye. Ingawa tusidanganyane, alizililia pia. Kilichomuuma hasa ni kwamba mama alijinyima miaka thelathini, na kule kujinyima hakukununua hata pishi ya mahindi. Aliporudi nyumbani jioni ile alimkuta binti yake wa kwanza, Redempta, wa miaka minane, anatoka na kikopo mkononi. Mama yake amemtuma kwa jirani kuazima chumvi.

Kastori akasimama njiani akamtazama anavyokwenda. Akajisemea, huyu hapana. Huyu atakuwa na kitu chake ambacho hakuna mwanaume atakayekinywa, awe mume, awe kaka, na hata mimi baba yake. Aliapa hivyo, na tangu siku ile hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa maishani mwake, kuliko hata zile bati za upande wa pili.

Mkewe Anyesi aliposikia neno benki alishika kiuno. "Baba Redempta, juzi tumemzika mama, jana tumezika fedha zake. Sasa unataka kuzika na za mtoto?"

"Za mama zilizikwa kwa sababu hakuna aliyezijua," Kastori akamjibu. "Hizi zitakuwa na mfugaji."

Akauza beberu, akampa Anyesi fedha za mafuta ya taa na sabuni, akabakiza shilingi ishirini. Jumatatu yake akamshika Redempta mkono, wakateremka. Pale posta, kwenye dirisha la akiba, alikaa kijana mmoja aitwaye Filemon, mwenye kalamu sikioni na uso wa mtu ambaye hajawahi kukosa chai.

"Shikamoo," Redempta alisema, kichwa chake hakifiki hata kwenye ubao wa dirisha.

"Marahaba, binti. Karibu mzee, nikusaidie nini?"

"Nataka mnifugie fedha za mtoto huyu."

Filemon akameza mate kuzuia kicheko. Lakini alikuwa kijana aliyelelewa, akaeleza vizuri: kitabu kitaandikwa jina la mtoto mwenyewe, kila atakapoweka, itaandikwa na kugongwa muhuri, fedha zitafanya kazi zikiwa huku, na kila mwaka ataongezewa faida kidogo. Kastori alisikiliza kwa makini, na polepole uso wake ukakunjuka.

"Kumbe!" akasema. "Ninyi mnakunywa maziwa, mtoto anapata ndama."

Filemon akaitoa kalamu sikioni, akafikiri. "Tuseme hivyo, mzee."

Mimi nimeshawasikia wasomi wakieleza benki kwa saa nzima, na sijasikia aliyemshinda Kastori.

Basi nyumbani sheria ikawekwa. Maziwa ni mali ya Anyesi, na Anyesi, ingawa alinuna siku tatu, alikubali kumpa mtoto kikombe kimoja kila jioni akauze kwenye nyumba za walimu. Senti thelathini. Jumamosi Redempta alizipanga senti zake juu ya kigoda mbele ya baba yake, akazigawa mafungu matatu: mawili ya kitabu, moja la kufanyia anachotaka. Kwenye hilo moja Kastori hakuingiza mdomo. Jumamosi ya kwanza mtoto alilila lote kwa maandazi, tumbo likamsokota usiku kucha. Jumamosi ya tatu akaja na swali.

"Baba, nisipokula andazi leo, wiki ijayo nitakula mawili?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona mawili."

Kastori akatoka nje, akaenda nyuma ya migomba, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Mwisho wa mwaka ndipo alipokwenda kutazama. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Umemkabidhi mtu mali, mwaka umepita, unakwenda kuiona. Filemon akafungua kitabu, akamwonyesha: shilingi thelathini na saba na senti hamsini.

"Maandishi nimeyaona," Kastori akasema. "Sasa nataka kuziona zenyewe."

"Mzee, hazikai peke yazo. Zimechanganyika na za wengine."

"Mmezichanganya! Na alama mliweka?"

Makarani wa madirisha mengine wakaacha kazi. Mmoja alicheka hadi akaondoka kwenda kunywa maji. Watu waliopanga foleni nyuma wakaanza kunung'unika, na mama mmoja mwenye kapu la nyanya akauliza kama Noeli hii itamkutia hapo hapo. Kastori hakutikisika. Ng'ombe unamjua kwa baka lake, alieleza. Shilingi ya mtoto wangu nitaijuaje kama hamtaki niione?

Mungu ambariki Filemon popote alipo. Mwingine angemfukuza. Yeye alisema, "Mzee, tufanye hivi. Mtoto azichukue zote, mzihesabu, mridhike, kisha aziweke tena."

Redempta akaandika jina lake kwenye fomu kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari. Fedha zikaletwa. Kastori akahesabu, akainua noti moja kwenye mwanga, akainusa, kisha akamkabidhi mtoto zote.

"Zishike. Zote ni zako. Unazipenda?"

"Nazipenda."

"Sasa mrudishie Bwana Filemon mwenyewe, kwa mkono wako."

We! Mtoto akazikumbatia kifuani. Machozi yakaanza. Kastori akangoja, Filemon akangoja, foleni nzima ikangoja. Yule mama wa nyanya akasema kwa sauti, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," na watu wakacheka, na kicheko kikawa cha wema. Redempta akasukuma noti ya kwanza, akapangusa kamasi, akasukuma ya pili, mpaka zikaisha.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa pili hakulia. Mwaka wa tatu alisukuma zote kwa mkupuo bila kuambiwa, akaziaga: "Tuonane mwakani." Filemon naye alikwisha kuacha kucheka, ikawa anamtunzia noti mpya kwa siku hiyo. Mara moja alimwita Kastori pembeni, akamweleza kwamba kule kuzitoa na kuzirudisha kunapunguza faida kidogo. Kastori akamshukuru sana, akasema anajua. Hata Melkior akija kumtazama ng'ombe anapoteza nusu siku ya duka. Kutazama kuna gharama yake, lakini mtoto akizishika na kuziachia mwenyewe, hilo ndilo somo lenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1974. Mliokuwapo hamhitaji kuelezwa. Mvua za masika zilipita kama mgeni asiyetaka kukaa, za vuli hazikuonekana kabisa. Mifereji ikabaki na mawe. Migomba ikatoa vidole vyembamba visivyomenyeka, malipo ya kahawa yakachelewa, na dukani kukawa na ule unga wa njano wa kutoka ng'ambo ambao watu waliuita Yanga, na wenyewe kuupata ni kwa foleni na fedha taslimu. Ng'ombe mwekundu akakauka maziwa. Melkior alikuja kumtazama, akampapasa mbavu, akasema kwa upole kwamba atamhamishia kwa mtu mwenye maji. Hakuwa na kosa, ni haki yake. Lakini Kastori aliposhika kamba akamtoa zizini, hakuweza kumtazama mkewe.

Kwa Redempta hapakuwa tena na kikombe cha kuuza. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, mrefu, kimya kama bibi yake. Mdogo wake Januari alikuwa na miaka mitatu, naye hakuwa kimya hata kidogo. Alilia njaa asubuhi na jioni. Anyesi aliongeza maji kwenye uji mpaka ukawa unapita kwenye chujio la chai. Hakuna aliyekufa nyumbani mle, namshukuru Mungu, lakini walilala na njaa, wakaamka nayo.

Wiki moja kabla ya Noeli Kastori akavaa koti lake. Ndani ya koti alikunja gunia tupu.

"Leo nitarudi nazo," akamwambia mkewe jikoni. "Kuna unga mjini. Zitatosha gunia."

Anyesi alikuwa anachochea moto ambao haukuwa na chungu juu yake. "Umemwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia njiani."

"Haya."

Njiani alijaribu. Mungu shahidi, alijaribu. Walipofika darajani akasema, "Redempta."

"Naam, baba."

"Angalia hapo, pana utelezi."

Utelezi gani na mvua hakuna? Wakaenda. Walipofika kwenye mashamba ya chini akasema tena, "Redempta," na mtoto akaitikia, naye akamwambia afunge kamba ya kiatu. Walipouona mnara wa saa alikuwa amemwita mara tano na hajamwambia kitu. Akajipa moyo. Atamwambia pale dirishani, akiwa amezishika. Mkono mtupu haulambwi, atamwambia. Fedha ni za kuliwa na watu, watu si wa kuliwa na fedha. Maneno aliyapanga vizuri kabisa.

Filemon akawapokea kwa furaha. Alikuwa amekonda naye. Akahesabu: shilingi mia moja na sabini na sita. Kastori akazihesabu tena, akainua moja kwenye mwanga kama desturi. Akamkabidhi binti yake.

"Zishike," akasema. "Zote ni zako."

Redempta akazinyoosha kwa vidole. Akazitazama, muda mrefu kuliko miaka mingine. Kisha akainua macho, akamtazama baba yake usoni. Kastori akafungua mdomo.

Mtoto akageuka, akasukuma fedha zote chini ya dirisha. "Tuonane mwakani," akasema.

Filemon akagonga muhuri. Kastori angeweza kusema "ngoja". Neno moja tu! Filemon alikuwa pale pale, angeligeuza jambo lile kwa dakika mbili. Neno halikutoka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye ndiye aliyemlea huyu. Atamwambiaje sasa kwamba alichomfundisha miaka minne si kweli kwa siku ya leo? Akamshukuru Filemon, wakatoka.

Barazani, pale pale alipomlilia mama yake, Redempta akamwambia, "Baba, nina njaa."

Hakulalamika. Alisema tu, kama mtu anayesema jua limetoka. Kastori aliona aibu iliyomchoma toka miguuni. Kumbe mtoto hakuzirudisha kwa kuwa ameshiba! Mfukoni alikuwa na senti hamsini, akamnunulia kiazi kitamu cha kuchoma. Redempta akakivunja katikati, akampa baba yake nusu, na Kastori, kwa kuwa hakujua la kufanya, akakila.

Kesho yake alfajiri alichukua jembe na lile gunia, akaenda Mabogini. Ninyi vijana hamwezi kujua maana yake. Mtu wa mlimani, mwenye kihamba cha babu, kushuka tambarare kwenye mbu na matope kulima kibarua katika mpunga wa watu, wakati wenzake wanarudi nyumbani kwa Noeli! Waliokutana naye njiani walijifanya hawakumwona, na hilo ni baya kuliko kucheka. Alilima siku kumi na saba maji yakiwa magotini. Noeli ilimkutia matopeni. Ruba walimla miguu, na hadi leo, miaka kumi imepita, makovu yapo. Alirudi na nusu gunia ya mpunga na homa ya malaria iliyomlaza siku tisa.

Anyesi akautwanga mpunga ule huku analia na kuimba kwa pamoja. Wali kwetu siku zile ulikuwa chakula cha sikukuu tu, na Januari alipowekewa sahani aliuliza kama Yesu amezaliwa tena. Walicheka wote, hata mgonjwa kitandani. Februari mvua zikatangulia, kahawa ikalipwa, wakavuka. Kastori hakumwambia mtu kilichotokea dirishani, lakini kila Jumapili alipopiga magoti kanisani alikuwa na shukrani moja aliyoisema chini chini na hakumweleza hata padri.

Mwishoni mwa 1975 Redempta akamaliza darasa la saba. Alifaulu. Jina lake halikutoka miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari, maana watoto waliofaulu walikuwa wengi na nafasi chache, na huku kwetu kilio hicho kiliingia nyumba nyingi. Melkior akaja kutoa pole. Akasema msichana mwenyewe ni mwerevu, aje amuuzie dukani, na baada ya mwaka mmoja miwili atapata mchumba mzuri. Alisema kwa nia njema, tena alikuja na sukari. Kastori akaipokea sukari.

"Ahsante, Melkior. Lakini huyu ana ng'ombe wake mjini."

Melkior alidhani ana homa tena.

Kulikuwa na shule ya masista, ya ushonaji na malezi ya watoto wachanga, miaka miwili, na ada yake ilikuwa shilingi mia moja na themanini pamoja na sare. Kwa baba mwingine huo ndio ungekuwa mwanzo wa kukopa, kubembeleza, na kumwambia mtoto angoje mwakani. Kastori alimwuliza mwenye mali. Mwenye mali akasema anataka. Faida ya mwaka ilikuwa imejaza kilichopungua, wakajaza fomu wiki mbili mapema, kwa kuwa safari hii zilikuwa za kuondoka nazo, na siku ya kuzichukua Filemon alizihesabu taratibu, akasimama, akampa Redempta mkono kama anavyompa mtu mzima. Redempta hakuomba ruhusa ya mtu. Hakupiga goti kwa mume, wala kaka, wala baba. Aliandika jina lake ndani ya mstari, akazitia fedha kifuani.

Mwezi wa kwanza wa 1976 Kastori akabeba sanduku la binti yake begani mpaka lango la shule. Walipofika alilitua, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa amelibeba neno moja muda wa mwaka mzima, na lilimlemea kuliko sanduku.

"Redempta," akasema, na safari hii hakuona utelezi wala kamba ya kiatu. "Mwaka ule wa njaa, nilikuja posta kuzichukua."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Mama alinipa kanga ya ngata asubuhi ile. Aliniambia nikusaidie kubeba unga."

Kastori akakaa juu ya sanduku. Alikuwa amedhani ni mazoea tu, mkono wa mtoto uliozoea kusukuma. "Ulijua," akasema. "Na njaa ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo sana."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

Redempta akatazama lango, akamtazama baba yake. "Uliniita mara tano njiani ukashindwa kusema. Nikaona umeanza kuniogopa. Njaa tumeshawahi kuwa nayo, ikaisha. Baba wa kuniogopa sijawahi kuwa naye. Sikujua kama na yeye angeisha."

Wanaume wa huku hawamshukuru mtoto. Mtoto ndiye anayeshukuru, kwa chakula, kwa nguo, hata kwa viboko. Kastori akasimama, kofia mkononi, kama mtu aliyesimama mbele ya mangi.

"Ahsante, mama," akamwambia binti yake. "Ahsante kwa kuninyima."

Sista mmoja akatokea langoni, akawaambia waingie, jua limekuwa kali. Kastori akaliinua tena sanduku, akamfuata binti yake ndani.